Paka Juu ya Mashine ya Tano

Paka alikuwa amelala juu ya mashine iliyokufa. Kapteni Toktogon aliliona hilo kabla hata hajavua glavu. Alijifanya anakung'uta theluji viatuni.

"Karibu, afande," alisema fundi. "Samahani kwa baridi. Humu mwenye haki ya kukaa raha ni mashine, na mashine zinapenda baridi."

Fundi aliitwa Sagynbai. Alikuwa mrefu, mwembamba, na aliongea kama mtu aliyeanza kusahau namna ya kuongea: neno moja kwa sauti kubwa mno, linalofuata halisikiki. Aliishi peke yake katika jengo hili kuukuu la simu, juu kabisa ya bonde la Kok-Jar, pale ambapo mkongo wa intaneti unaishia na mlima unaanza. Kampuni moja ya mji mkuu, Bishkek, ilileta seva zake, mashine za kubebea simu za video, huku kwa sababu ya umeme wa bwawa dogo na baridi isiyolipiwa. Madirisha ya upande wa kaskazini hayakufungwa mwaka mzima. Jiko lilikuwa katika chumba cha fundi tu, na hata huko kulikuwa na sufuria moja, bakuli moja na kijiko kimoja.

Kila mtu aliyetoka bonde hili kwenda kutafuta riziki, awe Moscow au Seoul, sura yake ilipita humu ndani kabla ya kumfikia mama yake. Seva nne zilisimama kwenye rafu ya chuma, taa zake za kijani zikipepesa. Ya tano ilikuwa pembeni, juu ya benchi, imegeuziwa ukuta.

"Hii imekuwaje?"

"Imekufa, afande. Tangu mwanzo wa vuli. Nimeitoa kundini."

"Kundi lenyewe linafanyaje kazi? Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako."

"Zinabebana." Kwa mara ya kwanza Sagynbai aliongea bila kujikwaa. "Simu ikiingia, ile yenye nafasi inaipokea. Moja ikizidiwa, wenzake wanachukua mzigo, na mtu wa nje hajui kitu, anaendelea tu kumwambia mkewe anunue unga. Kazi yangu ni zisichoke. Napangusa vumbi, nabadilisha diski, nasikiliza feni. Feni ikibadilisha sauti, hata nikiwa usingizini naamka."

"Na ikifa moja?"

"Nne zinatosha siku za kawaida. Sikukuu ndiyo kasheshe. Wote wanapiga kwa mpigo, picha zinaganda, halafu natukanwa kwa lugha tatu." Alicheka, akaona kwamba kapteni hacheki, akanyamaza.

Toktogon alikuwa ameendesha gari asubuhi nzima kutoka Naryn mjini kwa sababu ya sauti moja. Mwana wa bonde hili aitwaye Omurzak alikuwa kaskazini ya mbali ya Urusi, akilinda mitambo ya kuchimbia iliyoachwa hadi barabara ya barafu ifunguke. Alikuwa huko peke yake. Mto ulikuwa haujaganda vya kutosha kubeba lori, kwa hiyo hakuna wa kwenda wala wa kutoka. Alikuwa amepiga simu polisi, na maneno yake yalirekodiwa: "Mama yangu anakuja kila Jumapili kwenye video, lakini haongei na mimi. Nendeni nyumbani. Mtu aje aniambie."

Meja wake aliisikiliza mara moja, akapiga miayo. "Bibi wa watu kaenda kutembea, kamera mbovu. Funga jalada, Toktogon." Toktogon aliisikiliza tena na tena. Mtu anayedhani mama yake ametekwa husema mtafuteni. Huyu alisema mtu aje aniambie.

Alikuwa ameshapiga simu kijijini. Uulkan, dada yake Omurzak, alisema mama yao, bibi Kalbubu, yuko Talas kwa jamaa. Polisi wa kijiji naye alisema hivyohivyo, neno kwa neno, kama wanafunzi walionakiliana mtihani. Jamaa wa Talas walipoulizwa, walisema hawajamwona bibi huyo tangu harusi ya mtoto wao.

"Paka wako anaitwa nani?" aliuliza.

"Hana jina. La nini, afande? Tuko wawili tu humu. Nikiita, anajua si mwingine."

"Hebu mwondoe."

Sagynbai hakusogea. Toktogon alimbeba paka mwenyewe, akamweka sakafuni, akalaza kiganja juu ya bati la mashine. Paka alimtazama kwa chuki.

"Maiti hii ina joto, Sagynbai."

Feni zilivuma.

"Sijamuua mtu, afande."

"Nani kasema umeua? Neno hilo umelileta wewe. Chomeka kioo cha kompyuta hapa."

Fundi alichomeka. Vidole vyake vilikuwa vya mtu aliyezoea kazi, lakini masikio yalikuwa mekundu. Kiooni akatokea mwanamke mzee mwenye kitambaa cheupe kichwani, bakuli la chai mkononi, akicheka. "Omurzak, mwanangu, umekula? Sauti inakatika leo. Mlaumuni yule wa mlimani!" Nyuma yake, dirishani, mti wa mpopla ulikuwa na majani mabichi. Toktogon alikuwa amepita chini ya mipopla ya bonde hilo asubuhi hiyo, haikuwa na jani hata moja.

"Umemshona," alisema. "Vipande vya simu za zamani. Anakula, anacheka, anasema sauti inakatika."

"Ndiyo."

"Yuko wapi?"

"Muulize Uulkan."

"Nakuuliza wewe."

"Siwezi, afande. Sikatai kusema. Mimi siye wa kulisema."

Toktogon alizaliwa katika nyumba ambamo neno zito lilikuwa na mwenyewe wa kulisema, na jibu lile lilimchoma mahali. Lakini kazi ni kazi. Mwanamke mzee haonekani, sura yake inatumiwa na mtu mwingine, na kijiji kizima kimekariri uongo mmoja. Alishawahi kuona jalada jembamba kuliko hilo likiishia kwenye kaburi lisilo na alama.

"Omurzak umemwona lini mara ya mwisho?"

"Jumapili hii. Mzima. Ila ile iliyotangulia alinitisha. Alikuja na bandeji kichwa kizima, jicho moja tu linachungulia. Nikasema ameanguka kwenye mitambo huko, nani atamwokota? Nilikaribia kuzima kila kitu."

"Na bibi alifanya nini?"

"Alicheka." Sagynbai aliangalia sakafu. "Ndivyo kipande kilivyokuwa. Sikuwa na kingine tayari."

"Na Jumapili hii bandeji ilikuwepo?"

"Hapana. Kapona."

"Kovu?"

Fundi alijigusa shavu. "Sikuona kovu."

"Mshono? Uvimbe? Hata mkwaruzo?"

"Hakuna, afande. Uso laini kama wangu."

Toktogon alivaa glavu zake polepole. "Vaa koti. Twende kwa Uulkan."

* * *

Ilikuwa Alhamisi, na harufu ya mafuta moto iliwapokea getini kabla ya mbwa. Uulkan alitoka jikoni akijifuta mikono, mwanamke mnene mwenye kitambaa cheusi na macho yaliyokesha. Alimwona fundi nyuma ya kapteni, na uso ukamshuka.

"Mama yuko Talas," alisema kabla hajaulizwa.

"Salamu kwanza, dada. Tumetoka mbali."

Uulkan aliona haya, akawakaribisha ndani. Juu ya kitambaa cha chakula kilichotandikwa sakafuni kulikuwa na sinia la mikate bapa iliyokaangwa. Pembeni alikaa mzee Asankul, mkubwa wa ukoo, ndevu chache na mgongo ulionyooka kuliko wa kijana. Toktogon aliihesabu mikate kwa macho. Saba, kama inavyokaangwa Alhamisi kwa ajili ya wafu.

"Alhamisi, na mikate saba," alisema. "Unamkaangia marehemu gani, dada?"

"Baba yetu," Uulkan alijibu upesi. "Ana miaka mingi sasa. Namkumbuka kila wiki. Kuna kosa?"

"Hakuna kosa."

Jibu lilikuwa zuri na halikuwa na ufa. Kila nyumba ina baba aliyekufa. Sagynbai alishusha pumzi, na mzee Asankul akamega kipande cha sukari kwa utulivu wa mtu anayejua mchezo umekwisha. Toktogon angeweza kuomba kibali cha kupekua, angeweza kuita watu wa kuchimba makaburi na kumwaga aibu bonde zima. Badala yake alikunja miguu, akakaa vizuri, akafungua viganja.

"Basi mzee, tusomee dua. Mkate usipoe."

Mzee alimwangalia. Uulkan naye alimwangalia mzee, kwa macho yanayosihi. Polisi unaweza kumdanganya. Wao walikuwa wamemdanganya wa kijiji hadi akawa mwenzao. Kwenye dua, Mungu hadanganywi. Mzee Asankul alifungua viganja, akafumba macho, akaanza kusoma kwa sauti nyembamba iliyonyooka. Akafika mahali pa kutaja ambao thawabu ya mikate ile inawaendea. Akamtaja baba yao. Feni za kule mlimani hazikusikika hapa, ila mafuta jikoni, yakichachatika taratibu.

"Na Kalbubu," alisema mzee, macho bado yamefumbwa. "Na Kalbubu mama yao, Mungu ampanulie kaburi lake. Amina."

"Amina," alisema Toktogon, akajipangusa uso. Uulkan alikuwa analia tayari, bila sauti, kama mtu aliyejifunza kulia hivyo.

Yaliyobaki yalitoka yenyewe. Kalbubu alianguka akikamua ng'ombe, mwanzoni mwa vuli. Moyo. Mganga wa zahanati ya kijiji alimfikia akiwa bado anapumua, na Toktogon alimpigia simu palepale, naye akathibitisha bila kusita. Kaburi lilikuwa kilimani, kando ya la mumewe, na jina limeandikwa. Hapakuwa na mkono wa mtu.

"Alishika kitambaa changu hapa," alisema Uulkan akijigusa shingoni. "Akasema, Omurzak asiambiwe akiwa peke yake. Hilo tu. Hakuomba hata maji. Afande, wewe humjui kaka yangu. Mkewe alipofariki, mpumbavu mmoja alimwambia kwa simu, akiwa kibaruani, hana hata jirani. Alitoka nje akatembea kwenye theluji bila koti. Waliomwokota walimkata vidole vya mguu vilivyoganda. Sasa huko aliko hakuna wa kumwokota. Ukimwambia, umemuua."

"Na wewe Sagynbai, nani alikuomba?"

"Mimi, ila nilimwomba wiki moja tu," Uulkan alisema. "Tulidhani mto utaganda mapema, wenzake wafike, waambiwe wao kwanza, wamshike. Mto nao ukakaidi."

"Sheria inasema aliyelalamika ajibiwe," alisema Toktogon.

"Sheria ina mama?" alifoka Uulkan.

"Haina. Sikiliza, dada. Kaka yako amejifunga bandeji kichwa kizima, akakaa mbele ya mama yake. Hakuwa na jeraha. Wiki iliyofuata hana hata mkwaruzo. Unadhani alikuwa anacheza?"

Uulkan aliacha kujifuta macho.

"Alikuwa anampima. Mama akacheka. Wiki hiyohiyo akatupigia simu, na hakutuuliza mama yuko wapi. Anajua. Anachoomba ni kuambiwa. Mtu wetu halii mpaka aambiwe. Mnamlinda asilie, na yeye amekaa huko na kilio chake kooni, peke yake, anamsubiri mtu amruhusu."

Mzee Asankul alisogeza sinia pembeni.

"Habari ya msiba haipewi mtu mmoja," alisema. "Inapewa mtu akiwa katikati ya wanaume wa kwao, wamemzunguka. Ndivyo tulivyofanya tangu zamani. Mwanangu, wanaume wako wapi? Angalia bonde hili. Tumebaki wazee na mbwa. Wote wako huko na huko."

Toktogon alimgeukia fundi. "Wote wa huko na huko, wakija kwa pamoja, seva nne zinawabeba?"

"Hapana. Zitaganda kama sikukuu ya Nooruz."

"Na tano?"

Sagynbai alikuwa ameshika mkate wake bila kuula.

"Tano zinabeba," alisema. "Lakini ya kundini haibaki na mambo yake, afande. Lazima niifute, niiandike upya iwe sawa na wenzake. Rekodi za kweli za mama yake nitamwekea Omurzak, zote. Ila huyu niliyemshona mimi, huyu anakwenda."

"Basi aende."

"Nilikuwa nakunywa naye chai," Sagynbai alisema, na sasa sauti haikuwa kubwa wala ndogo. "Jumapili. Kabla hajafa alikuwa ananitania, yule wa mlimani, yule wa mlimani, hajawahi kuniona. Hakuna mwingine aliyewahi kunitaja. Nikijipikia, naweka bakuli langu mbele ya kioo. Najua ni ujinga."

Hakuna aliyecheka.

* * *

Siku iliyofuata, baada ya sala ya Ijumaa, walipanda mlimani wote. Toktogon alikuwa amelala ndani ya gari lake kando ya zahanati, na alipowasha simu asubuhi hakukuta ujumbe wa mtu yeyote isipokuwa Meja: *Umefunga jalada?*

Sagynbai alikuwa amekwisha kuifuta mashine. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alifanya kazi bila papara. Aliipangusa kwa brashi, akaisukuma kwenye nafasi yake rafuni hadi ikalia *tak*, akachomeka nyaya, akarudi nyuma. Taa yake ilikuwa ya manjano kwa muda mrefu. Kisha ikawa ya kijani, ikaanza kupepesa pamoja na zile nne. Paka alilizunguka benchi tupu mara kadhaa, akaketi chini amesusa.

Mzee Asankul na Uulkan waliketi mbele ya kamera kubwa. Toktogon alisimama ukutani, nje ya picha.

Wanaume wa bonde, walioitwa na mzee tangu jana, wakaanza kuingia kiooni. Wawili Moscow, bado wamevaa vizibao vya kufagia barabara. Mmoja jikoni mwa hoteli Yekaterinburg, nyuma yake masufuria. Kundi zima Seoul, wamebanana juu ya kitanda kimoja. Kioo kiligawanyika, kikagawanyika tena, madirisha madogo yakajaa, na kila kichwa kilikuwa na kofia ndefu nyeupe ya kwao. Haijulikani walizipata wapi huko waliko. Hakuna aliyesalimia kwa utani, hakuna aliyeuliza bei ya kondoo. Feni za seva zilianza kupanda sauti, na Sagynbai, nyuma ya rafu, aliinamisha sikio.

Dirisha la mwisho kufunguka lilikuwa la Omurzak. Kibanda cha mbao, taa moja, ndevu zimeota ovyo. Aliangalia kioo chake, dirisha baada ya dirisha, kofia baada ya kofia. Kisha akainuka, akatoka kwenye picha, na Uulkan akashika mkono wa mzee kwa nguvu. Akarudi. Alikuwa amekwenda kuchukua kofia yake.

"Omurzak, mwanangu," alianza mzee. "Tazama kulia kwako. Tazama kushoto kwako. Hawa ni wanaume wa bonde lako, na mimi mkubwa wa ukoo wako niko mbele yako. Hujakaa peke yako leo. Mama yako Kalbubu ametutangulia. Tulimzika kando ya baba yako. Jikaze, nasi tumekushika."

Omurzak aliweka mikono magotini.

"Mmechelewa," alisema. Hakuwa na hasira. "Mama yangu, nikikohoa tu, ananiuliza fulana ngapi nimevaa. Nilikaa mbele yake nimefungwa kichwa kizima, akacheka. Nilijua palepale. Lakini ningelia vipi, baba, na hakuna aliyeniambia?"

Akalia. Alilia kama wanaume wa kwao wanavyolia msibani, kwa sauti iliyo wazi, akimwita mama yake. Na kutoka Moscow, kutoka Yekaterinburg, kutoka kitanda kile cha Seoul, wanaume wakalia pamoja naye, kila mmoja alikokuwa, sauti zikipandana. Feni zikanguruma mpaka madirisha yakatetemeka. Picha hata moja haikuganda.

Walipotulia, Omurzak alijifuta kwa kofia.

"Nani aliyekuwa ananiletea mama kila Jumapili?"

Uulkan aliinamisha kichwa. Mzee akakohoa. Toktogon alitoka ukutani ili ajibu, maana hiyo ilikuwa kazi yake, lakini sauti ikamtangulia kutoka nyuma ya rafu.

"Ni mimi. Nisamehe, kaka."

"Wewe nani? Sikuoni."

"Mimi wa mlimani. Mimi huwa sionekani."

Omurzak aliivaa tena kofia yake. "Umekaa naye kuliko mimi mwaka huu. Basi na wewe umefiwa. Washa kamera, kaa na wenzako."

Sagynbai alimtazama Toktogon, kana kwamba anaomba kibali cha polisi. Kapteni alimwonyesha kiti kwa kidevu. Fundi aliketi mezani pake, akabandua kipande cha utepe wa gundi kilichoziba kamera yake tangu alipohamia humo, akavaa kofia kichwani kwa mikono miwili. Dirisha moja zaidi likafunguka kiooni: uso mrefu, umekonda, umelowa machozi.

Wanaume wote walimtazama. Kisha mmoja wa Seoul akasogeza uso karibu na simu yake.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Pole sana, ndugu yetu."